Kifaa Kipya, Ramani ya Zamani



Wasomaji wapenzi, juma hili naomba ruhusa yenu niwatoe jikoni na sebuleni, mahali ambapo safu hii huketi aghalabu, niwachukue safari ya mbali: kutoka pwani yetu hadi Longisa, katika Kaunti ya Bomet, kwenye mlango wa nchi ya chai. Nitawasimulia yaliyotupata mimi, dada yangu mkubwa na mwanangu wa kiume. Si kisa cha kujivunia, na kwa muda nilisita kukiandika. Lakini likizo za shule zinakaribia, familia nyingi zitakuwa barabarani, na huenda makosa yetu yakamfaa mwengine.

Mwana wa dada yangu ni mwalimu wa shule ya sekondari huko Longisa. Mumewe anafanya kazi Mombasa, na huonana naye nyakati za mapumziko. Mwaka huu Mwenyezi Mungu aliwajaalia mimba ya kwanza. Mamake akamwahidi tangu mwanzo: "Siku yako itakapofika, sitakuwa mbali. Nitakushika mkono." Tarehe aliyopewa kliniki ilikuwa mwishoni mwa Aprili, nasi tukapanga kuondoka wiki mbili kabla, ili tukae naye kwa utulivu hadi siku hiyo.

Mwanangu ndiye aliyejitolea kutuendesha. Gari lake ni la mtumba kutoka Japani, kama yalivyo mengi katika mitaa yetu, na wenye magari hayo wanajua kilichomo ndani: kioo kizuri katikati ya dashibodi, kinachozungumza Kijapani tu, na ramani isiyojua mji wowote nje ya Japani. Kwa sababu hiyo alikwenda dukani akanunua kifaa kipya cha kuongozea njia, kile kinachobandikwa kwenye kioo cha mbele. Kilikuwa ndani ya sanduku lake, nailoni haijachanwa. Alikiwasha mbele yetu kwa furaha, kikatusalimu kwa sauti ya mwanamke mpole mwenye Kiingereza safi. Dada yangu akasema, "Huyu ni mwenzetu wa nne."

Dalili ya kwanza ilijitokeza siku hiyohiyo, tukaipuuza. Kifaa kilitutaka tuchague mkoa, kisha wilaya. Kaunti zilianza kazi mwaka 2013, watoto wetu wa darasa la nne wanazikariri zote arubaini na saba, lakini kifaa hakikuzijua. Bomet ilitengwa na Kericho ikawa wilaya yake mwaka 1992, na hilo angalau kililitambua. Tukacheka, tukachagua.

Siku tatu kabla ya safari, yule binti alitutumia ujumbe wa sauti kwa simu. Ulikuwa mrefu, dakika nne na ushei. Alianza hivi: "Mama, na mama mdogo, shikamooni. Mkishapita Narok mtafika Mulot, mtavuka daraja la Mto Amala. Baada ya hapo msikate kona yoyote. Njooni na lami moja kwa moja hadi Longisa mjini, kisha mnipigie. Kuna njia ya zamani inayokata kulia, msiifuate, haipitiki..." Mwanangu alikuwa akifunga mizigo. Akasema, "Mama, hapana haja ya yote hayo, tuna kifaa." Nami ndiye niliyekuwa nimeishika simu. Nikaukata ujumbe katikati, nikasema, "Kweli, tutafika."

Naomba mlikumbuke jambo hilo, kwani nitalirejea.

Sisi ni watu wa Likoni. Alfajiri tuliondoka kwa barabara mpya ya Dongo Kundu, ile yenye madaraja ya Mteza na Mwache, inayompeleka mtu wa kusini hadi barabara ya Nairobi bila kusubiri feri. Kifaa hakikuwa na habari nayo. Kilisisitiza tugeuke turudi kwenye feri, na tulipoendelea kikanyamaza. Tulipokuwa juu ya daraja la Mteza, mwanangu alituonyesha kioo: mshale wa gari letu ulikuwa katikati ya rangi ya buluu. Kwa hesabu ya kile kifaa, tulikuwa tumo baharini, tunaogelea. Tulicheka hadi machozi yakatutoka. Nikikumbuka sasa naona kwamba lile halikuwa jambo la kuchekwa. Mwenzetu wa nne alikuwa akitwambia waziwazi kwamba haijui nchi tunayokwenda, nasi tukamchukulia kama mtoto aliyekosea kutamka neno.

Nairobi ilikuwa hivyo hivyo. Tulipopanda ile barabara ya kulipia ya kilomita 27, iliyofunguliwa mwaka 2022 kutoka Mlolongo kwenda Westlands, kifaa kiliamini kwamba tuko chini, kikawa kinatuamuru kukata kona kwenye makutano ambayo tulikuwa tumeyapita kwa juu. Tulilala South C kwa jamaa zetu. Asubuhi, mwenyeji wetu alitushauri tushike barabara ya pembezoni ya kusini, ambayo imekuwepo tangu mwaka 2016 na humtoa mtu karibu na mtaa ule hadi Kikuyu bila kuingia mjini. Mwanangu akaona haya kumpinga mkubwa, lakini gari lilipoanza kwenda kifaa kilituelekeza katikati ya jiji, naye akakifuata. Msongamano wa magari ukatuchukua saa moja na nusu. Saa moja na nusu hiyo, kama mtakavyoona, ndiyo tuliyokuja kuihitaji.

Kutoka Mai Mahiu hadi Narok barabara ni moja, na hapo hata kifaa hakikuwa na nafasi ya kukosea. Tulisimama Narok tukaswali adhuhuri na alasiri kwa kujumuisha na kupunguza, kama walivyoruhusiwa wasafiri. Hatujavaa viatu, simu ya dada yangu ikalia. Alikuwa binti yake. Uchungu ulikuwa umeanza, wiki mbili kabla ya tarehe.

Ilikuwa saa tisa na nusu alasiri. Mvua ilikuwa imeanza kunyesha. Dada yangu hakusema neno, alipanda gari na kuushika mkanda wa kiti kwa mikono miwili. Tulivuka Amala pale Mulot kama saa kumi na robo, na kwa mwendo ule tungekuwa Longisa muda si mrefu. Hapo ndipo ile sauti ya upole ikasema tukate kulia. Kioo kilionyesha njia fupi, mstari mweupe ulionyooka hadi karibu na nyumba ya binti yetu. Mwanangu akauliza, "Mama, tukate?" Nikajibu, "Kata, tuwahi."

Njia ilikuwa ya changarawe kwa kilomita mbili hivi, ikawa ya udongo, ikawa matope, kisha ikateremka kwenye kijito ikaishia hapo. Kivuko hakikuwepo. Zilibaki nguzo mbili za zege upande wetu na maji mekundu yenye kasi. Mshale wetu kwenye kioo ulikuwa bado umesimama juu ya barabara nzuri, na sauti ikasema: endelea mbele moja kwa moja. Mwanangu alipojaribu kugeuza, magurudumu ya nyuma yakazama.

Sitaeleza kwa urefu muda tuliokaa pale. Mtandao wa simu ulikuja ukapotea. Dada yangu alishuka akasimama katika mvua, anaangalia ng'ambo ya maji, na nyumba zilikuwa zaonekana juu ya kilima. Mwanamke mmoja mwenyeji, amebeba mtungi wa maziwa mgongoni, alitujia na vijana watatu. Alitusalimu kwa lugha yao, "Chamgei," kisha akatuuliza kwa Kiswahili, tena bila dhihaka: "Mmeletwa na mashine?" Akatueleza kwamba kivuko kile kilichukuliwa na mafuriko miaka mingi iliyopita, na tangu hapo wenyeji wote hupitia Longisa mjini. "Kila mtu hapa anajua," alisema. "Lakini wageni hawaulizi. Wiki iliyopita lilikwama gari la sukari."

Vijana wale walitukwamua, wakakataa malipo. Tulijifunza neno moja la Kikipsigis siku ile, nalo ni "kongoi", yaani ahsante. Tulilitamka mara nyingi.

Tulipofika hospitali ya Longisa magharibi ilikwisha kuingia. Binti yetu alikuwa amekwisha jifungua. Jirani yake, mama mtu mzima wa Kikipsigis, alipomsikia akilalama alikwenda barabarani akalisimamisha gari la kukusanya maziwa, akampandisha mbele kwa dereva, akampeleka hospitali na kumshika mkono tangu mwanzo hadi mwisho. Mtoto ni wa kike, na wote wawili wazima. Alhamdulillah, na kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu. Jirani yule alikuwa amekwisha mpa mtoto jina la kwao: Cherop, yaani aliyezaliwa wakati wa mvua. Wakipsigis huwaita watoto wao hivyo, kwa saa na hali waliyozaliwa, na ukilisikia jina unajua kitu kuhusu siku ile.

Dada yangu alimkumbatia binti yake, kisha akamgeukia yule jirani akashindwa kusema. Ahadi aliyoiweka kwa miezi mingi ilikuwa imetimizwa na mkono wa mwengine. Hakunilaumu hata kidogo, na hilo lilikuwa zito zaidi kwangu kuliko lawama.

Usiku ule, tukiwa tumekaa kwenye benchi nje ya wodi, mambo mawili yalitokea. La kwanza, mwanangu alikifungua kile kifaa, akaingia katika ukurasa wa maelezo yake, akakuta maneno ambayo yangetufaa siku kilipotolewa sandukuni: ramani ya mwaka 2011. Kifaa kilikuwa cha mwaka huu. Nchi iliyokuwa ndani yake ilikuwa ya wakati ambao hapakuwa na kaunti, wala barabara ya pembezoni ya kusini, wala ile ya juu ya Nairobi, wala Dongo Kundu. Na kile kivuko kilikuwa bado kimesimama.

La pili, niliitoa simu nikausikiliza ule ujumbe wa sauti hadi mwisho. Baada ya maelezo ya njia, binti yetu alikuwa amenyamaza kidogo, kisha akasema: "Mama, sijui kwa nini, lakini naona kama siku zangu hazitafika wiki mbili. Kama mnaweza, njooni mapema."

Tangu turudi nimejitahidi kuelewa tulikosea wapi, kwa sababu jibu la haraka, kwamba vifaa hivi ni vibaya, si jibu la haki. Mwanangu alinieleza jinsi vinavyofanya kazi, nami nikasoma zaidi, na nataka kuwaeleza kwa lugha nyepesi.

Juu angani, takriban kilomita 20,200 kutoka ardhini, zinazunguka setilaiti zisizopungua 24 za mfumo wa Marekani uitwao GPS, uliokamilika mwaka 1995. Kila setilaiti hutangaza mambo mawili tu bila kukoma: ni saa ngapi kwake, na iko wapi. Kifaa kilichomo garini hakitumi chochote huko juu. Husikiliza tu. Kikizisikia setilaiti nne au zaidi, hupima jinsi kila tangazo lilivyochelewa kufika, kikapiga hesabu ya mahali kilipo kwa kukosea mita chache. Hesabu hiyo ilikuwa sahihi tangu Likoni hadi Longisa. Tulipokuwa darajani, kilijua hasa tulipo. Tulipokuwa kando ya kijito, kilijua hasa tulipo.

Lakini setilaiti haijui barabara. Haijui daraja, haijui hospitali, haijui kivuko kilichoondoka na maji. Hayo yote yako ndani ya kifaa chenyewe, yamehifadhiwa kama picha katika albamu ya familia. Mtu alipita, akapima, akachora, kampuni ikanunua michoro, kiwanda kikaipakia, meli ikakileta kifaa, duka likakiweka rafuni. Katika kila hatua miaka hupita, na mahali ambapo wanunuzi ni wachache, kama vijiji vyetu vingi, mpimaji huchelewa sana kurudi. Umri wa ramani huhesabiwa tangu siku nchi ilipotazamwa. Siku ya kununua kifaa haiuongezi wala haiupunguzi.

Nilipotaka kuswali usiku ule hospitalini, nilitazama dira katika simu. Kibla cha Mombasa ni kaskazini karibu moja kwa moja, kwa kuwa mji wetu na Makka viko karibu katika mstari mmoja. Kule Longisa kinainama kidogo kuelekea mashariki. Dira haikukosea. Nikawaza kwamba mwelekeo hauzeeki, kinachozeeka ni habari za njia. Sisi tulichanganya mawili hayo: kwa kuwa kifaa kilikuwa na uhakika wa mahali tulipo, tulidhani kina uhakika wa kilichoko mbele yetu.

Wazee wetu wa baharini hawakulichanganya jambo hili. Kitabu chao cha njia za bahari kiliitwa rahamani, neno lililotoka katika Kiajemi kwa maana ya kitabu cha kuonyesha njia, na ndilo lililotuzalia neno ramani. Ahmad bin Majid wa Julfar, katika Ras al-Khaimah ya leo, alikamilisha kitabu chake kikubwa cha ubaharia kiasi cha mwaka 1490. Baba yake na babu yake walikuwa waongozaji wa vyombo katika Bahari ya Shamu, nao walimwachia maarifa yaliyoandikwa. Aliyaheshimu, walakini hakuyanakili tu. Aliyapima kwa macho yake na kusahihisha palipohitaji kusahihishwa. Nahodha wa zamani hakumwamini rahamani asiyeulizwa umri wake. Aliuliza fungu limesogea, mchanga umejaa, nani alipita hapa msimu uliopita. Naye, akifika bandari ngeni, alimchukua rubani mwenyeji.

Basi, dada zangu, haya ndiyo tuliyoyafanya kuwa desturi nyumbani kwetu, nami nawapendekezea.

Kwanza, kabla ya kulipia kifaa chochote cha njia, au gari lililofungwa kifaa hicho, mwambie muuzaji akionyeshe mwaka wa ramani. Uko katika ukurasa wa maelezo ya kifaa, na hauhitaji fundi. Uliza pia kama ramani inaweza kusasishwa, kwa bei gani, na kama nchi yetu imo katika hiyo mpya. Baadhi ya watengenezaji huahidi ramani mpya bila malipo mnunuzi akidai katika siku za mwanzo tangu kukiwasha. Siku hizo zikipita, hulipiwa. Wengi wetu hatudai kwa sababu hatujui.

Pili, kipe kifaa mtihani karibu na nyumbani. Kiulize barabara ambayo unajua ni mpya. Watu wa Mombasa wakiulize Dongo Kundu. Kisipoijua hiyo, ambayo kila mtu anaizungumza, usitarajie kwamba kinajua hali ya kivuko cha kijijini Bomet.

Tatu, pakua ramani ya njia yako katika simu kabla ya kuondoka, ili ukikosa mtandao usibaki kipofu, kisha uilinganishe na ile ya kifaa. Zikihitilafiana, simama uulize. Usikate kona kwa sababu tu sauti imesema kwa utulivu. Utulivu wa sauti ile haubadiliki, iwe inajua au haijui.

Nne, na hili ndilo ninaloliona kubwa kuliko yote, mtu anayeishi kule unakokwenda ndiye rubani wako. Msikilize mpaka mwisho. Mwambie akutajie alama: kituo cha mafuta, shule, soko, msikiti, mti. Sisi watu wa pwani tumelelewa hivyo. Nani kati yetu alifika nyumba ya Kibokoni au Kuze kwa kutazama namba ya mlango? Tuliambiwa, ingia kichochoro cha pili, ukiona baraza nyekundu uliza nyumba ya mama fulani. Maelezo ya namna hiyo husahihishwa kila siku, kwani anayeyatoa amepita hapo asubuhi. Na aghalabu anayeyatoa ni mwanamke, anayejua njia ipi inapitika na mtungi wa maji, ipi haifai usiku, na ipi imefungwa tangu mvua.

Tano, penye mja mzito, mzee au mgonjwa, msiiwekee safari ya siku hiyo tegemeo lote. Hakikisheni kwamba kuna jirani anayejua, gari lililoagizwa na namba ya simu iliyobandikwa ukutani. Binti yetu hakuokolewa na sisi tuliotoka mbali na vifaa vyetu. Aliokolewa na mama aliyekuwa ukuta wa pili, na dereva wa maziwa aliyejua njia bila kuitazama.

Nina neno moja la kuongeza, kwa sababu sitaki mfikiri kwamba ramani ni kitu cha kampuni za mbali tu, na kazi yetu ni kungoja. Kile kijito kilichotuzuia, niliambiwa, humwaga maji yake katika Amala. Amala huungana na Nyangores inayopita Bomet, nao wakawa Mto Mara, unaovuka mpaka na kuingia Tanzania. Huko chini, katika Mkoa wa Mara, mpango uitwao Crowd2Map ulianza mwaka 2015. Watu wa kujitolea wa nchi nyingi huchora barabara na nyumba kwa kutazama picha zilizopigwa kutoka angani, kisha wenyeji huongeza majina ya vijiji, zahanati na shule kwa simu zao. Sababu yake ilikuwa nzito. Wasichana waliokuwa wakikimbia kukeketwa walihitaji kufikiwa usiku, na wanaowasaidia huko Serengeti hawakuwa na ramani ya vijiji vyenyewe. Huko ramani inaweza kuamua kama gari litamfikia mtoto kabla hajakamatwa.

Kazi yao huingizwa katika OpenStreetMap, ramani ya bure iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo mtu yeyote anaweza kuisahihisha. Vijana wa Kibera walifanya hivyo mwaka 2009, wakati ambapo mtaa wao wenye maelfu ya watu ulikuwa karibu mtupu katika ramani za wakati ule. Zanzibar nako, tangu mwaka 2016, visiwa vilipigwa picha kwa ndege zisizo na rubani, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wakashiriki. Kwa hivyo mabinti na wavulana wetu, ambao simu haziwatoki mikononi, wana kazi ya maana inayowangoja.

Mwanangu aliianza kesho yake. Mvua ilipokatika alirudi kwenye kile kijito pamoja na mmoja wa wale vijana waliotukwamua, akaingiza katika ramani ya bure kwamba kivuko hakipo na njia haipitiki. Ilimchukua dakika chache. Alipomaliza alinijia uani, ambapo dada yangu alikuwa amempakata mjukuu, akasema, "Mama, nisamehe." Nikamwambia ukweli, kwamba yeye alishika usukani, lakini aliyeukata ujumbe ni mimi.

Tulikaa Longisa siku arubaini, hadi binti yetu alipotoka uzazini. Jirani yule amealikwa pwani mwezi wa Disemba, na amekubali. Atakuja kwa basi. Nimemtumia ujumbe wa sauti kumweleza atakaposhuka na atakapotukuta, ingawa nitakuwa kituoni saa moja kabla, in shaa Allah. Alinijibu kwa kurudia kila neno nililomwambia, moja baada ya jingine, mpaka la mwisho.

Wabillahi tawfiq.